Sura ya Saba: Masizi

Mama lishe aliyekuwa akipika nje ya geti la kiwanda cha barafu, Tanga, alikuwa na sufuria mbili za maharage motoni. Moja mpya, ya wiki ile, inang'aa kiasi cha kujitazamia. Nyingine ya siku nyingi, masizi yameipanda kutoka kitako hadi shingoni. Zote zilikuwa zinatokota. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri kuitwa ndani, kamera ya joto imening'inia shingoni, na kwa kukosa la kufanya nikaielekeza kwenye majiko. Sufuria ya masizi ikasoma nyuzi 93. Ile mpya ikasoma 41.

"Mama, kamera yangu inasema hii sufuria mpya ina uvuguvugu tu."

"Basi ishike, baba."

Sikuishika. Nililipa chai na vitumbua, nikaitwa, nikaingia kiwandani, na kabla ya adhuhuri nikawa nimefanya kosa ambalo yule mama alikuwa ameshaniwekea wazi mezani. Safari hii haikuwa sufuria ya maharage. Ilikuwa lagi, kile kipande cha chuma kinachobana ncha ya kebo, ndani ya paneli ya volti 400.

Kamera ya joto haipimi joto. Wanaoziuza husema inapima, na kioo chake kinaonyesha namba yenye desimali, kwa hiyo mtu huamini. Kinachoingia kwenye lenzi ni miale. Kila kitu hutoa miale kwa sababu ya joto lake, hata barafu. Mkaa ukiwaka vizuri miale yake mingine inafika kwenye rangi ambazo jicho linaziona, ndiyo maana tunauona mwekundu. Kitu chenye nyuzi 30 au 90 nacho kinatoa miale, ila mawimbi yake ni marefu mno kwa jicho. Jicho letu huishia karibu na urefu wa wimbi wa mikroni 0.7, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Vitu vyenye joto la kawaida hung'aa zaidi kwenye mikroni 8 hadi 14. Hiyo ndiyo infraredi ambayo kamera nyingi za mafundi umeme zimetengenezwa kuipokea.

Sasa, kiasi cha miale hakitegemei joto peke yake. Kinategemea pia ngozi ya kitu. Wataalamu wanaita sifa hiyo emisiviti, na huipa namba kati ya 0 na 1. Masizi, plastiki, mbao, rangi ya mafuta, ngozi ya binadamu wa rangi yoyote: vyote vina 0.9 na zaidi, maana yake vinasema karibu kila kilichomo moyoni. Alumini iliyosuguliwa ina kama 0.05. Shaba inayong'aa, vivyo hivyo. Hizi ni ngozi za watu wasiosema. Na kibaya zaidi, kitu kisichotoa miale yake huakisi miale ya wenzake, kwa hiyo sufuria mpya ya mama lishe ilikuwa inanionyesha ukuta, mwembe na mimi mwenyewe niliyekaa mbele yake. Yale maharage ya nyuzi 100 yalichangia kidogo tu katika ile 41.

Chukua bolti yenye nyuzi 90 kamili, emisiviti yake 0.1, ndani ya chumba cha nyuzi 30. Ukiacha kamera kama ilivyotoka dukani, itakuandikia kama 38. Ukiishika bolti hiyo utaacha ngozi.

Jambo hili lina umri wa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1804 Mskoti John Leslie alichapisha majaribio aliyoyafanya na boksi la chuma lililojaa maji ya moto. Pande zake alizitofautisha: mmoja ulisuguliwa ukang'aa, mwingine ukapakwa masizi ya taa. Maji yalikuwa yale yale, joto lile lile, lakini kipimo alichokiweka mbele ya upande wa masizi kilipata joto jingi kuliko mbele ya upande unaong'aa. Boksi hilo bado linaitwa kwa jina lake katika maabara za fizikia, na mwalimu asiyekuwa nalo anaweza kwenda kwa mama lishe yeyote.

Miaka minne kabla ya Leslie, mwanaastronomia William Herschel, yule aliyeiona sayari ya Uranus mwaka 1781, alikuwa anatafuta vioo vya rangi vya kumwezesha kulitazama jua kwa darubini bila kuungua macho. Aliona kwamba vioo vingine vinapitisha mwanga mwingi na joto kidogo, vingine kinyume chake. Akautawanya mwanga wa jua kwa prizimu na kuweka vipimajoto kwenye rangi moja baada ya nyingine. Joto lilipanda kutoka zambarau kwenda nyekundu. Kisha akakiweka kipimajoto nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni chochote, na joto likazidi. Ndivyo infraredi ilivyojulikana, mwaka 1800. Kuna jambo dogo ambalo vitabu vya shule huliruka: tunguu za vipimajoto vyake zilikuwa zimepakwa weusi. Herschel alijua kwamba kioo kitupu hakishiki joto vizuri. Hata yeye alihitaji masizi.

Kutoka hapo hadi kwenye nguzo za umeme ilikuwa safari ndefu. Mwaka 1965 kampuni ya AGA ya Uswidi ilianza kuuza kamera ya joto iliyokusudiwa kukagua njia za umeme wa msongo mkubwa. Haikuwa kitu cha kuning'iniza shingoni. Kitambuzi chake kilihitaji kupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, ili joto la mashine yenyewe lisimeze miale hafifu ya kitu kinachotazamwa. Kamera ndogo zisizohitaji kupozwa zilitoka kwenye utafiti wa kijeshi wa Marekani, ambao siri yake ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo kuna kamera ya joto inayochomekwa kwenye simu. Lenzi za kamera nyingi za joto si za kioo, ni za gerimani, madini yanayofanana na chuma cha kijivu, kwa sababu kioo cha kawaida ni ukuta kwa miale hii. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kupiga picha ya joto kupitia dirisha la gari. Utajiona mwenyewe.

Turudi kwenye umeme. Umeme ukipita kwenye waya hulipa ushuru, na ushuru huo ni joto. Hesabu yake aliipata James Joule mwanzoni mwa miaka ya 1840: mkondo zidisha kwa mkondo, kisha zidisha kwa ukinzani. Kwenye waya mzima uliochaguliwa sawasawa ushuru ni mdogo, tena umetandazwa urefu wote. Shida huwa pale waya unapoishia au unapokutana na mwenzake: kwenye lagi, kwenye bolti ya basibaa, ule upau wa chuma unaogawa umeme ndani ya paneli, kwenye meno ya fyuzi, kwenye visu vya swichi.

Ukitazama bapa mbili za chuma zilizobanwa na bolti unadhani zimegusana kote. Hazijagusana. Hata chuma kilichosawazishwa kina milima na mabonde, na vinavyogusana ni vilele vichache tu. Umeme wote hupita hapo, kama watu wanaotoka uwanja wa mpira kwa geti moja. Bolti ikilegea kidogo, vilele vinapungua. Vikipungua, ukinzani unapanda, joto linapanda, chuma kinatanuka. Usiku mitambo ikipumzika chuma kinasinyaa, bolti inalegea zaidi, hewa inaingia, kutu inatanda. Kesho yake vilele vimepungua tena. Hakuna mtu aliyegusa kitu, lakini ugonjwa unaendelea.

Pwani, ugonjwa huu una msaidizi: chumvi. Alumini na shaba zikikutana penye unyevu wa chumvi huwa betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Tena hazitanuki sawa. Kwa kila nyuzi moja ya joto, mita milioni moja ya shaba ingerefuka mita 17 na ya alumini mita 23. Zifunge pamoja, zipashe moto na kuzipoza kila siku kwa miaka mitano, uone kama zitabaki zimeshikana.

Mafundi hawakusubiri kamera ili kuujua ugonjwa huu. Walitumia pua, kwa sababu plastiki inayoanza kuungua ina harufu ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Walitumia mgongo wa kiganja, kwa mbali, bila kugusa. Wapo waliofunga kipande cha nta kwenye ncha ya fimbo isiyopitisha umeme na kukigusisha kwenye kiungio: nta ikiyeyuka, kuna kazi. Na mvua ikikatika walitazama juu, wakitafuta kiungio kinachofuka mvuke wakati vingine vimelowa.

Fundi mkuu wa kile kiwanda alikuwa wa kizazi hicho. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaitazama kamera kama mtu anavyomtazama mkwe ambaye hajaamua kama atamkubali.

"Mwanangu, hicho kinaona na shoti?"

"Hapana mzee. Kinaona joto tu."

"Afadhali umesema kweli. Aliyekuja kabla yako alisema kinaona kila kitu."

Malalamiko yalikuwa kwamba breka kuu inajizima mchana, hasa wakati kompresa zote za amonia zinafanya kazi na mashua zimerudi na samaki wanaohitaji barafu. Fundi alifungua mfuniko wa paneli mwenyewe, kavaa glavu na ngao ya uso, mimi nimesimama pembeni, si mbele. Hatua hii haina mzaha. Tao la umeme likiripuka ndani ya paneli joto lake hupita nyuzi 10,000, na uso wa jua wenyewe una kama 5,500. Kwa sababu hiyo siku hizi baadhi ya paneli huwekewa kidirisha maalumu kinachopitisha infraredi, ukague bila kufungua. Ile haikuwa nacho.

Tulipima mkondo kwa klampu: fezi nyekundu ampea 178, njano 181, bluu 180. Vizuri. Fezi tatu zenye mzigo sawa ni bahati kwa mkaguzi, maana ni kama watoto watatu wa mama mmoja waliolala chumba kimoja. Mmoja akiwa na homa utamjua kwa wenzake hata bila kujua homa inaanzia wapi. Nikaelekeza kamera kwenye lagi tatu za juu ya breka. Zilikuwa za shaba iliyopakwa bati, nyeupe, safi. Zikasoma 36, 36 na 39.

"Safi," nikasema. Ile tofauti ya nyuzi 3 nikaiona ni ya kuakisi tu.

Mzee alikuwa anachungulia kioo cha kamera juu ya bega langu. "Na hiyo kebo?"

Kebo ya fezi ya bluu, kwenye ganda lake la plastiki karibu na lagi, ilikuwa nyuzi 71. Za wenzake zilikuwa 46 na 47. Nikapandisha kamera. Shubiri moja juu ya lagi, ile ya bluu ilisoma 63. Juu zaidi, 52.

"Kebo iwe ya moto, lagi iwe ya baridi," mzee akasema. "Moto unatoka wapi kwenda wapi?"

Nadhani nilikaa kimya kwa muda ambao haukunipa heshima. Joto huteremka kutoka palipo na jingi kwenda palipo na kidogo, kama maji. Kama kebo inapoa kadiri unavyoondoka kwenye lagi, basi chemchemi ni lagi, na lagi haiwezi kuwa na nyuzi 39 huku ikimpa jirani yake 71. Ile lagi ilikuwa sufuria mpya. Kebo, kwa plastiki yake nyeusi, ilikuwa sufuria ya masizi.

Jioni mzigo ulipopungua walizima. Tukahakikisha kwamba umeme haupo, nikakata vipande vitatu vya tepu nyeusi ya umeme, kila kimoja ukubwa wa stempu, nikavibandika kwenye lagi zote. Tepu hiyo ina emisiviti ya karibu 0.95 na hupata joto la chuma kilicho chini yake. Ni masizi ya dukani. Wakawasha, kompresa zikarudi kazini, tukasubiri saa nzima ili joto litulie, kisha nikatazama tena. Nyekundu 48. Njano 49. Bluu 97.

Tulipoifungua usiku ule, kebo ilikuwa ya alumini, imebanwa ndani ya lagi ya shaba isiyo ya aina yake. Nje palikuwa peupe, ndani nyuzi za alumini zilikuwa na unga mweupe na weusi wa kuungua, na ganda la kebo lilikuwa limeanza kugeuka kahawia. Plastiki ya PVC ya kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 za kudumu, na mafundi wana kanuni ya mkono kwamba kila nyuzi 10 za ziada hukata umri wa ganda kwa nusu. Nilipiga hesabu baadaye. Ukinzani wa nusu ya sehemu ya elfu ya omu, ambao klampu wala taa ya majaribio haiwezi kuuona, kwa ampea 180 unatoa wati 16. Ni chini ya pasi ya kulehemu ya fundi redio. Lakini pasi hiyo haikuzimwa usiku wala mchana, na ilikuwa imebanwa kwenye kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Mzigo ukipanda mara mbili, wati hazipandi mara mbili, zinapanda mara nne.

Breka ilikuwa inajizima kwa sababu hiyo hiyo. Ndani yake mna kipande kinachojipinda kwa joto, na joto la lagi lilikuwa linateremka humo na kukidanganya kwamba mkondo umezidi. Kabla yangu walikuwa wameshabadilisha breka mara mbili.

Hesabu ya Joule ndiyo inayofanya ukaguzi wa mzigo mdogo uwe kazi bure. Mtu anaalikwa Jumapili kiwanda kimepumzika, anapiga picha, anaondoka na ripoti nzuri. Mazoea ya kazi hii hudai mzigo usiopungua asilimia 40 ya ule wa kawaida, na hata hapo lazima mkondo uandikwe kando ya kila picha. Kiungio kilichowazidi wenzake nyuzi 10 wakati wa nusu ya mzigo kinaweza kuwazidi 30 au 40 mzigo ukijaa. Picha isiyo na ampea ni kama kipimo cha presha bila kusema mgonjwa alikuwa amelala au amepanda ngazi.

NETA, chama cha wapimaji wa mitambo ya umeme cha Marekani, kina jedwali ambalo wakaguzi wengi duniani hulitumia. Kwa vifaa vinavyofanana vyenye mzigo unaofanana, tofauti ya nyuzi 1 hadi 3 ni ya kuchunguza, 4 hadi 15 ni ya kupangia matengenezo, na ikizidi 15 ni ya kutengeneza mara moja. Zile nyuzi zangu 3, nilizozipuuza, zilikuwamo kwenye jedwali. Nalitumia, lakini nalionea mashaka mahali pamoja: halijui kama namba ulizoziingiza ni za masizi au za sufuria mpya. Na halifai hata kidogo kwa kitu kinachoungua ndani ya chombo. Swichi ya mafuta au kifaa cha kuzuia radi kikionyesha nje nyuzi chache tu zaidi ya mwenzake, ndani kinaweza kuwa na hali mbaya sana, kwa sababu joto limepita kwenye mafuta au kaure kabla ya kulifikia jicho lako.

Nimeona pia kosa la upande wa pili, na hili huniudhi zaidi kwa sababu hulipwa fedha. Kamera ikiachwa ichague rangi yenyewe, huchukua kitu cha baridi kuliko vyote mbele yake ikakipa bluu, na cha moto kuliko vyote ikakipa nyekundu au nyeupe. Paneli yenye nyuzi 31 hapa na 33 pale itatoka kama Jehanamu. Niliwahi kukabidhiwa ripoti nene ya hoteli moja ya ufukweni, kila ukurasa una picha inayowaka, na nilipoitazama mizani ya pembeni nikakuta tofauti kubwa kuliko zote ni nyuzi 4. Mwenye hoteli alikuwa ameshaagiza paneli mpya. Mimi nami si msafi. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliandika kwamba basibaa fulani ina doa la moto katikati. Mkaguzi mwenzangu alinishika mabega akanisogeza hatua moja kushoto, na doa likasogea nami. Lilikuwa kifua changu, kimeakisiwa kwenye shaba.

Umbali nao hudanganya. Kamera yenye piseli 320 kwa upana na lenzi yenye pembe ya nyuzi 25, ikitazama kitu kilichoko mita 10 juu ya nguzo, kila piseli yake inafunika kama milimita 14. Ili namba iaminike unahitaji piseli tatu kwa tatu zijae kitu hicho peke yake, yaani sentimita 4. Kiungio cha sentimita 2 kitachanganywa na anga iliyo nyuma yake, na anga safi kwenye infraredi ni baridi kuliko chochote kilichoko ardhini. Kwa hiyo kiungio kinachoungua juu ya nguzo husomeka kana kwamba kina afya. Ongeza upepo wa bahari unaokipoza, na jua la mchana linalopasha vyuma vyote, utaelewa kwa nini mafundi wa njia za umeme wanaojua kazi hupenda kutoka alfajiri au usiku.

Kitu ambacho sikukitarajia nilipoanza ni kwamba mara nyingi ubaridi ndio habari. Kwenye benki ya kapasita, zile za kusawazisha umeme wa mota, zenye uhai huwa na uvuguvugu. Ukiona moja ina joto la chumba, imekufa au fyuzi yake imekatika, na kiwanda kinalipa bili kubwa bila kujua. Transfoma nayo: mafuta yake ya moto hupanda juu, huingia kwenye mabomba ya pembeni, hupoa na kushuka. Kwenye picha ya joto mabomba hayo huonekana ya moto juu na ya baridi chini. Ukikuta juu kabisa pamekatika ghafla pakawa baridi, mafuta hayafiki pale. Afrika Mashariki wizi wa mafuta ya transfoma si habari ngeni, na transfoma iliyoibiwa nusu haipigi kelele. Inaendelea kuwasha taa za mtaa mzima huku ikijipika. Mtu mwenye kamera akipita barabarani usiku anaweza kuona mstari wa mafuta ulipo, bila kupanda nguzo na bila kuzima nyumba hata moja.

Na waya wa nyutro, ambao zamani ulikuwa mvivu wa familia, siku hizi huungua kwenye majengo yaliyojaa kompyuta na taa za LED. Vifaa hivyo huvuta umeme kwa mikupuo, na mikupuo mingine ya fezi tatu badala ya kufutana hujumlishana kwenye nyutro. Breka haiulindi waya huo. Ukikagua jengo la ofisi, anzia hapo.

Mwaka 2023 kanuni ya Marekani iitwayo NFPA 70B ilipanda kutoka kuwa pendekezo hadi kuwa kiwango rasmi cha matengenezo ya umeme, na ndani yake ukaguzi wa joto unatakiwa angalau kila miezi 12. Kwa mitambo inayopulizwa na upepo wa bahari mwaka ni mrefu. Mimi ningesema miezi sita, na bado ningemwacha mzee mwenye pua nzuri azunguke kila Jumatatu.

Niliporudi Tanga baada ya miezi kadhaa mama lishe alikuwa bado yupo getini. Ile sufuria haikuwa mpya tena. Masizi yalikuwa yameshafika nusu. Nikaipiga picha kabla ya kuagiza chai. Sehemu ya chini ikasoma 91, ya juu inayong'aa bado 50, na mpaka kati yao ulikuwa umechorwa kama kwa rula.

"Leo inasemaje?" akaniuliza.

"Leo nusu inasema kweli, mama."

Ndani, mzee alifungua paneli kuu kwa utaratibu ule ule. Lagi ya bluu ilikuwa mpya, ya aina inayounganisha alumini na shaba, imekazwa kwa spana ya kupimia nguvu ambayo kiwanda kilikuwa hakina mara ya kwanza. Vipande vyangu vitatu vya tepu vilikuwa vimeondolewa. Mahali pake palikuwa na vipya, vimekatwa sawa kwa mkasi, na kila kimoja kimeandikwa tarehe kwa kalamu nyeupe ya kufutia makosa. Nikatazama chini: vilikuwapo kwenye basibaa. Nikatazama paneli ya kompresa, ya pampu, ya taa za uani. Kila chuma kinachong'aa kilikuwa na kiraka cheusi ukubwa wa stempu.

"Nilizima Jumapili moja nikavibandika vyote," mzee akasema. "Washa hicho kidude chako."

Bluu 49, nyekundu 48, njano 49. Akachukua daftari mfukoni, akazilaza namba zote tatu kwenye mstari wake, na kuniuliza mkondo ulikuwa ampea ngapi.